UJI WA MCHELE: Mlo wa maskini unaodai kukesha jikoni

WAGENI wengi wanaozuru mtaa wa Mong Kok, upande wa Kowloon jijini Hong Kong, huishia chini, kwenye vibanda vya mavazi na matunda vilivyojipanga katika barabara ya Fa Yuen. Ni wachache wanaojua kwamba ndani ya jumba la soko la umma lililo katika barabara hiyo hiyo, wakipanda hadi sakafu iliyotengewa wapishi, watakuta kibanda ambacho kimekuwa kikiuza uji wa mchele tangu miaka ya 1970.

Kibanda hicho huitwa Mui Kee. Kilianzia kando ya barabara, kikahamia sokoni, na baadaye kikaingia mikononi mwa kizazi cha pili. Neno “Kee”, ambalo hupatikana katika majina ya mamia ya maduka ya Wakantoni, huashiria tu kwamba biashara ni ya mtu fulani, kama vile huku Kenya mkahawa mdogo unavyojulikana kwa jina la “Kwa Mama Fulani”.

Kwa Mkenya aliyelelewa kwa uji wa wimbi au wa mahindi, huenda ikawa vigumu kuelewa ni kwa nini mtu avuke jiji zima kwa ajili ya bakuli la uji. Nchini Kenya uji ni kinywaji. Hupewa mtoto, mwanafunzi na mama aliyejifungua, na aghalabu hutiwa kikombeni. Kusini mwa China uji ni mlo kamili. Huliwa kwa kijiko, ndani yake mna samaki, maini, nyama au mayai, na anayeumaliza huondoka ameshiba.

Walio karibu zaidi kuuelewa ni wakazi wa Pwani, ambao hupika uji wa mchele kwa tui la nazi na pilipili manga, hasa wakati wa futari katika mwezi wa Ramadhani. Hata jina lenyewe lina ujamaa. Waingereza huuita uji wa Kichina “congee”, neno ambalo chimbuko lake ni “kanji” la Kitamil cha kusini mwa India, lililosambazwa na mabaharia wa Kireno. Msomaji wa Mombasa au Lamu analijua neno hilo kwa matumizi mengine kabisa: kanji ni wanga unaotiwa katika nguo kabla ya kupigwa pasi ili zisimame. Maji mazito ya wali ndiyo asili ya yote mawili. Wakantoni wenyewe husema “juk”, nao wanaotumia lugha rasmi ya Kimandarini husema “zhou”.

Siri ya uji huu, kama kweli ipo, imo katika muda. Uji wa unga huiva kwa dakika chache kwa sababu jiwe au mashine ya kusaga imekwisha kufanya kazi ngumu. Mpishi wa Kikantoni huanza na punje nzima na kuuachia moto kazi ya kusaga.

Kipimo cha kawaida ni sehemu moja ya mchele kwa sehemu 10 au 12 za maji, na wapo wanaozidisha. Mchele huoshwa, huchujwa, kisha husuguliwa kwa mafuta na chumvi kidogo na kuachwa ulale. Wengine huuponda pamoja na yai lililohifadhiwa. Majumbani siku hizi kuna wanaougandisha kwanza ndani ya jokofu, kwa kuwa maji yaliyomo ndani ya punje yanapogeuka barafu hutanuka na kuipasua, na hivyo kuupunguza muda wa kupika.

Mchele huo hutiwa katika maji yanayochemka, si baridi. Punje ya mchele imejaa chembechembe za wanga, na joto linapofika kati ya nyuzi 60 na 80 za Selisiasi, chembechembe hizo huanza kufyonza maji na kufura. Zikizidi kuchemshwa hupasuka na kumwaga wanga wake ndani ya maji, nayo maji yakawa mazito. Mchemko wenyewe huzirusha punje huku na kule hadi zikasagika. Baada ya saa mbili, tatu au hata nne, hakuna tena mchele wala maji, bali kitu cha tatu, cheupe na laini.

Yuan Mei, mshairi na mlaji mashuhuri ambaye kitabu chake cha mapishi kilichapishwa mwaka 1792, alilichukulia jambo hilo kama sheria: kwake, maji na mchele ambavyo havijakuwa kitu kimoja havikustahili kuitwa uji.

Aina ya mchele ni muhimu. Pishori ya Mwea, ambayo ni ya jamii ya basmati, husifiwa na wapishi wa pilau kwa sababu punje zake hubaki zimeachana hata baada ya kuiva. Kwa mpika uji sifa hiyo ni kasoro. Yeye hutafuta mchele ambao wanga wake unashikamana kwa wepesi, na wapo wanaochanganya aina mbili ili mmoja ulete harufu na mwingine ulete ulaini.

Katika maji hayo hutiwa pia vitu vya kuongeza ladha: mifupa ya nguruwe au ya samaki, nyama ya kombe wa baharini iliyoanikwa juani, na utando wa maziwa ya soya uliokaushwa, ambao huyeyuka na kuongeza weupe. Muda wote huo mtu lazima asimame karibu. Wanga ni mzito na hutuama chini. Ukiachwa bila kukorogwa hushika ukoko, na harufu ya kuungua ikishaingia, chungu kizima huwa kimeharibika. Duka linalowahudumia wateja saa moja asubuhi haliwezi kukwepa kuwa na mtu aliyeamka usiku wa manane.

Hiyo ni hatua ya kwanza tu. Ya pili hufanyika mteja anapoagiza, na ndiyo hutenganisha duka zuri na la kawaida. Mpishi huchota uji kutoka kwenye chungu kikubwa, akautia katika sufuria ndogo juu ya moto mkali, akatumbukiza vipande vya samaki, maini au tonge za nyama iliyopondwa, na kuitoa sufuria mara tu nyama inapobadilika rangi. Ikikaa zaidi, ini huwa gumu kama mpira. Mui Kee imejijengea jina kwa mtindo huu, hasa kwa nyama ya tumbo la samaki, sehemu yenye mafuta ambayo kwingineko hutupiwa paka.

Uji unaoletwa mezani huwa moto kupita kiasi, na hubaki hivyo kwa muda mrefu. Sababu ni uzito wake. Katika maji au chai, sehemu yenye joto hupanda juu na kulipoteza hewani, lakini uji mzito hautembei ndani ya bakuli kwa wepesi. Ndiyo maana wenyeji hawachimbi katikati kwa kijiko, bali huchota kidogo kidogo kutoka juu, pembeni mwa bakuli. Mgeni asiyejua hilo huunguza ulimi.

Juu yake hunyunyiziwa tangawizi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi, vitunguu vya majani, njugu na pilipili manga nyeupe. Kando huwekwa andazi refu la ngano lililokaangwa kwa mafuta mengi, ambalo Wakantoni huliita “yau ja gwai”. Huchovywa katika uji kama mahamri katika chai. Masimulizi yanasema kwamba andazi hilo hutengenezwa kwa vipande viwili vilivyoshikamana kumwakilisha waziri Qin Hui na mkewe, wanaolaumiwa kwa kumsaliti jemadari Yue Fei aliyeuawa mwaka 1142, na kwamba kila anayelikaanga anawatia wasaliti hao katika mafuta. Wanahistoria hawalazimiki kukiamini kisa hicho, lakini walaji hukipenda.

Aina za uji huo ni nyingi. Wenye asili ya Chaozhou, mashariki mwa mkoa wa Guangdong, hupinga kabisa mtindo wa kuupika mchele hadi ukapotea. Uji wao una punje nzima zinazoelea katika maji mepesi, na huliwa pamoja na figili za chumvi, mayai ya chumvi na samaki baridi. Wathailandi walichukua uji wa Kikantoni pamoja na jina, wakauita “jok”.

Jijini Guangzhou kuna uji wa mashua, ambao zamani uliuzwa na watu walioishi majini katika ghuba ya Lizhi, wakipiga kasia kutoka mteja mmoja hadi mwingine na kuchanganya samaki, ngisi na njugu. Kuna pia uji wa mayai meusi. Haya ni mayai ya bata yanayofunikwa kwa chokaa, majivu na chumvi kwa wiki kadhaa hadi ute wake ukawa kama utomvu wa rangi ya hudhurungi. Harufu yake haimvutii kila mtu. Ndani ya uji pamoja na nyama yenye chumvi, hata hivyo, ukali wake hupungua.

Uji unaoheshimiwa zaidi mjini humo ni ule wa “kufaulu mtihani”, unaotiwa maini, matumbo na tonge za nyama ya nguruwe. Unahusishwa na Lun Wenxu, aliyeshika nafasi ya kwanza katika mtihani wa kifalme mwaka 1499. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto maskini muuza uji mmoja alimhurumia, akampa kila siku bakuli lenye mabaki ya vitu hivyo vitatu, na kwamba alipofaulu alirudi kushukuru na kuupa uji huo jina. Vitu vitatu, nafasi tatu za juu za mtihani. Duka la Wuzhanji lilipata sifa kutokana na uji huo.

Nyuma ya hadithi hizo kuna historia isiyo na furaha. Uji ni njia ya kukifanya kibaba cha mchele kilishe watu watano badala ya mmoja. Wakati wa njaa, watawala wa China walifungua vituo vya kugawa uji. Katika njaa iliyokumba mikoa ya kaskazini kati ya 1876 na 1879, ambayo inakadiriwa iliua watu kati ya milioni 9 na 13, foleni za uji zilikuwa tofauti kati ya kufa na kupona kwa waliobahatika kuzifikia. Huko kaskazini wengi walipewa uji wa mtama wala si wa mchele. Wazee wa Kichina waliopitia dhiki katika karne ya 20 hawakuwa na mapenzi makubwa na uji mwepesi, na sababu si ngumu kuiona.

Vilevile ni chakula cha wagonjwa. Tabibu Zhang Zhongjing, aliyeishi takriban miaka 1,800 iliyopita, alimwagiza mgonjwa wa homa anywe uji mwepesi wa moto baada ya dawa ya mdalasini ili atokwe na jasho. Hadi leo, mtoto anayeharisha au mzee asiye na meno hupikiwa uji huo kabla ya kitu kingine chochote.

Sayansi ya kisasa imeongeza tahadhari mbili. Ya kwanza inawahusu wenye ugonjwa wa kisukari. Mchele mweupe uliopikwa hadi ukapasuka humeng'enywa kwa haraka, na sukari katika damu hupanda kwa kasi kuliko inavyopanda mtu anapokula wali wa kawaida. Kuuongezea samaki, nyama au mboga husaidia kwa kiasi fulani.

Ya pili ni kubwa zaidi. Kuna desturi ya zamani ya kula uji pamoja na vipande vya samaki mbichi wa mabwawa. Nchini Singapore, mwaka 2015, zaidi ya watu 100 waliugua kutokana na bakteria waliotoka katika samaki wa aina hiyo, baadhi yao wakiwa na maambukizi ya damu na ya utando wa ubongo. Uchunguzi uliwafikia wauzaji wa uji ambao sahani ya samaki mbichi ilikuwa sehemu ya kawaida ya huduma yao. Mnamo Desemba mwaka huo serikali iliharamisha matumizi ya samaki wa maji yasiyo ya chumvi katika vyakula vinavyoliwa vibichi. Baadhi ya vibanda vya miaka mingi vililazimika kuiondoa kabisa sahani iliyovipa jina. Mlaji anapaswa kuangalia kwamba samaki amebadilika rangi na kuwa mweupe kabla ya kumtia kinywani.

Mjini Hong Kong tishio kwa maduka ya uji halikutokana na bakteria. Baada ya vita, idadi ya watu ilipanda kutoka takriban 600,000 mwaka 1945 hadi zaidi ya milioni mbili kufikia 1950, wengi wao wakiwa wakimbizi kutoka Guangdong. Ajira hazikuwapo. Serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwaruhusu watu kuuza vyakula barabarani kwa leseni. Vibanda hivyo viliitwa “dai pai dong”, yaani vibanda vya leseni kubwa, kwa sababu ya ukubwa wa karatasi iliyotakiwa kubandikwa ukutani. Uji ulifaa sana. Haukuhitaji mtaji mkubwa, na wateja walikuwa vibarua waliotaka kitu cha moto kabla ya zamu ya asubuhi.

Kufikia miaka ya 1970 serikali ilivihesabu vibanda hivyo kuwa uchafu na kizuizi barabarani. Iliacha kutoa leseni mpya. Zile za zamani hazikuweza kuuzwa, na mwenye leseni alipofariki ni mke au mume wake pekee aliyeweza kuirithi. Mtoto aliyekuwa amekoroga chungu pamoja na mamake kwa miaka 20 hakuwa na haki yoyote. Kuanzia 1983 serikali ilianza pia kuwalipa fidia waliokubali kurudisha leseni zao. Vibanda vya aina hiyo vilivyobaki mjini humo havifiki 30. Ni vigumu kubuni sheria inayoua biashara ya familia kwa utulivu kuliko hiyo.

Njia iliyobaki wazi ilikuwa ya kuingia katika majumba ya masoko ya umma, ambako baraza la jiji lilitenga sakafu za wapishi. Hiyo ndiyo njia iliyofuatwa na Mui Kee. Kodi ya pango huko ni nafuu ikilinganishwa na ya maduka ya barabarani, ambayo ni miongoni mwa ghali zaidi duniani, na bila nafuu hiyo hesabu za muuza uji hazilingani. Bakuli la uji haliwezi kupandishwa bei sana, kwa kuwa kila mteja anajua kwamba lina konzi ya mchele na maji. Anachosahau ni gesi ya saa nne na mshahara wa anayekesha.

Wapo waliopita njia nyingine. Ho Hung Kee, duka la uji na tambi lililoanza katika mtaa wa Wan Chai mwaka 1946, lilipata nyota ya Michelin na mwaka 2012 likahamia ndani ya jumba la kisasa la maduka katika Causeway Bay, ambako mavazi ya mitindo huuzwa chini yake. Kwingineko kampuni zenye matawi mengi hupika uji katika jiko moja kubwa na kuusambaza. Uji wa namna hiyo si mbaya. Lakini wanga uliopoa na kupashwa moto tena haurudii ulaini wake. Hutengana, maji yakabaki juu na utope chini, na mlaji mzoefu hulitambua hilo kwa kijiko cha kwanza.

Kinachokosekana zaidi si kodi wala wateja bali mikono. Vijana wa Hong Kong waliosomeshwa kwa pato la chungu hicho wana vyuo vikuu na ofisi zenye viyoyozi, na si rahisi kuwashawishi waamke saa tisa za usiku kuosha mchele. Anayekubali, kama ilivyokuwa Mui Kee, huhesabiwa kuwa bahati ya familia na ya mtaa.

Kwa Wakenya, hasa wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou kununua bidhaa, uji huu si jambo la mbali. Hupatikana karibu na kila hoteli ya jiji hilo, na mwenye tumbo lililochoshwa na safari ya usiku hawezi kukosea akiagiza “baak juk”, yaani uji mweupe usiotiwa kitu. Anayekwepa nyama ya nguruwe aulize kwanza, kwa maana hata uji unaoonekana kuwa wa samaki pekee huenda ulichemshwa kwa mifupa ya mnyama huyo. Waislamu hupata nafuu katika mikahawa ya jamii ya Wahui, ambayo huwa na alama ya halali mlangoni.

Ni vyema pia kufika mapema. Maduka mengi ya aina ya Mui Kee hufungua asubuhi na kufunga alasiri, na nyama ya tumbo la samaki huwa ya kwanza kuisha.